Masale Yaliyopinda Juu ya Njia ya Chini

Vijana wa bodaboda mnaochukua kabichi vitongoji vya juu kuzipeleka Mlola, nawaandikia nyinyi. Nawaandikia pia wachache mnaobeba bado kwa kichwa. Juzi mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, mimi nimekaa barazani, goti nimelifunga kitambaa, nikasikia pikipiki zikishuka njia ya chini zimefuatana. Mmoja wenu alikuwa anaimba. Nilisimama nisikilize vizuri, goti likanirudisha kwenye kigoda. Chai yangu sikuigusa mpaka niliposikia milio ikipanda upande wa pili wa bonde, na wakati huo ilikuwa imeshapoa kabisa.

Nilianza kubeba mizigo nilipomaliza darasa la saba, nikaacha goti lilipokataa. Siku hizo njia za pikipiki zilikuwa hazijachongwa. Kila lumbesa ya kabichi, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo, na kila tenga la nyanya lililouzwa sokoni lilifika barabarani kichwani au mgongoni mwa mtu, nasi tulikwenda kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine. Kazi hiyo haikunipa cheti wala kiinua mgongo. Imenipa woga, na huo ndio ninaotaka kuwagawia, maana naona nyinyi hamna.

Siongelei woga wa nyoka wala wa mashetani ya msituni. Naongelea woga wa udongo. Mmezaliwa juu ya udongo huu, mnaulima, mnaupigia tofali, mnaukanyaga kila siku, ndiyo maana hamwezi kuamini kwamba unaweza kuondoka ulipo.

Aliyenifundisha alikuwa mama mmoja, mkuu wa mstari wetu. Jina lake Mama Mwanaidi, lakini barabarani walimwita Mama Subiri. Alikuwa mfupi, ana shingo nene ya kubebea, na ulimi uliowafanya madalali wapunguze sauti. Tukichelewa, dereva wa Fuso alipiga honi na kuuliza leo Mama Subiri amesubiri nini, kinyonga avuke? Yeye alitua mzigo taratibu, akajifuta uso na kumjibu kwamba alikuwa anamsubiri dereva apate akili, na alipoona hazina dalili ya kuja ndipo akaamua kushuka.

Mimi sikuwa mtu wa maneno. Wenzangu walipiga soga njia nzima, mimi nilinyamaza kwa haya tu. Yeye akaona haya hizo zina kazi. Akaniweka mbele ya mstari, akasema anayetangulia anatakiwa kuwa na masikio, mdomo auache nyumbani.

Siku yangu ya kwanza kutangulia ilikuwa masika. Tulifika kwenye kijito kidogo, nikainua mguu nivuke. Akanivuta nyuma kwa mkanda wa suruali, tenga likayumba kichwani, nyanya zikadondoka na kubingirika hadi majini. Nilidhani atanigombeza kwa ajili ya nyanya. Akaniuliza nasikia nini. Nikamwambia sisikii kitu.

"Ndiyo hicho," akasema. "Mvua yote hii na kijito kinanong'ona. Maji yake yamekwenda wapi?"

Akaturudisha nyuma mpaka kwenye mgongo wa kilima, tukatua. Watu walinung'unika, kabichi zinalowa, Fuso litaondoka. Kisha tukasikia kitu kama lori linalomwaga mawe, ila halikumaliza kumwaga. Kijito kilishuka kikiwa na rangi ya chai ya maziwa, kimebeba mti mzima na mizizi yake, na mahali nilipotaka kuweka mguu hapakuwa tena na mahali. Huko juu udongo ulikuwa umeanguka ukaziba maji, maji yakajikusanya, yakavunja. Nyanya zangu sikuziulizia.

Basi hilo lishikeni. Kijito kikipungua wakati mvua inaongezeka, msifurahi kwamba leo kuvuka ni rahisi. Kimbieni mpande juu pembeni, msikimbie kufuata bonde.

Yapo mengine aliyonionyesha, nayo nitayasema yanavyonijia. Chemchemi iliyokuwa safi ikitoa maji ya matope, mlima unatoka jasho la ndani. Chemchemi mpya ikitokea mahali ambapo haikuwapo, ni vibaya zaidi. Mikaratusi iliyokuwa imesimama wima ikianza kulala, mmoja huku mmoja kule, ujue mizizi inavutwa. Ufa kwenye nyasi juu ya mteremko, hata ukiwa mwembamba wa kuingiza kidole, ni mdomo unaokunywa mvua. Na ipo harufu. Ni harufu ya shamba lililotoka kulimwa sasa hivi, mahali ambapo hakuna aliyelima. Niliinusa mara chache katika miaka yote, na kila mara nywele za mikono zilisimama kabla akili haijajua kwa nini.

Tulipolazimika kupita chini ya mteremko ulioshiba maji, tulikuwa na utaratibu. Tulipita mmoja mmoja. Wa pili hakuanza mpaka wa kwanza afike kwenye mwamba au mgongo wa kilima. Mmoja alibaki upande ulio salama, kazi yake ni kuangalia juu tu na kupiga mluzi. Aliyekuwa amejifunga mzigo mgongoni, kamba ikipita kifuani, alifungua fundo akaishika ncha mkononi, aweze kuutupa. Hakuna kuongea, hakuna kusimama katikati kufunga viatu. Nyinyi na pikipiki zenu mnapita watatu watatu, injini zinanguruma, masikio mmeyaziba kwa nyaya za muziki. Hata huo mluzi mtausikia wapi?

Alikuwapo mwenzetu aitwaye Kibwana, mcheshi, aliyemwigiza Mama Subiri mwendo na sauti mpaka mwenyewe akacheka. Siku moja mvua ilituzidi, Kibwana akaona ukingo uliochongwa kando ya njia umejikunja kama kibaraza. Akaegemeza lumbesa yake pale isilowe, akaenda vichakani kujisaidia. Aliporudi hakukuta lumbesa, wala ukingo. Ilikuwa tope tupu, limelala kimya kama limekuwapo siku zote. Alipofika barabarani dalali akamdai mzigo. Kibwana akamwambia kabichi zako zimezikwa, nenda kazisomee dua. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, naye akacheka. Lakini jioni nilimpelekea ujira wake, nikamkuta amekaa mbele ya sahani ya ugali hajaumega, anaangalia mikono yake. Aliniambia alikuwa ameshaanza kukaa pale chini, aegemee kidogo, ndipo tumbo likamkata.

Tangu siku hiyo alimwigiza Mama Subiri mwendo tu. Sauti aliiacha.

Na jambo ambalo watu hawalikubali kabisa: mvua kukatika si mwisho. Jua likitoka, kila mtu anatoka nalo, shamba linaita, mzigo umelala siku kadhaa. Mlima hauna haraka hiyo. Maji yaliyoingia bado yako ndani yanashuka polepole. Mama Subiri aliogopa asubuhi ya kwanza yenye jua kuliko siku ya mvua yenyewe, na ndiyo siku aliyotukanwa zaidi.

Baadaye mwanawe wa kike alimchukua kwenda kukaa naye Magoma, huko chini ambako ardhi ni tambarare. Alipotuaga alisema anataka kulala kwenye kitanda ambacho miguu yote ni mirefu sawa. Tukacheka. Kesho yake nikawa mimi ndiye ninayeamua kama mstari unapita au haupiti, na sikucheka tena kwa muda.

Sasa niwaeleze habari ya masale, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mnaijua njia ya chini; ile ya zamani nayo ilipita kati ya kijito na mteremko ule mrefu kabla ya kufika kwenye mwamba. Mteremko ule ulikuwa na mashamba mawili. La juu ni la Baba Ruthi, mzee wa kanisa, mtu wa kazi, mwenye maneno machache na hasira za karibu. La chini ni la Mzee Athumani, ambaye nyumba yake ilikuwa pale pale chini, upande wa mwamba. Baina ya mashamba hayo wazazi wao walipanda masale yakate mteremko kutoka upande hadi upande, yamenyooka kama uzi. Kwetu sale, mmea ule wa majani marefu, ni mpaka. Mtu anaweza kukuibia kuku mkasameheana, lakini aking'oa sale lako, hata watoto wenu hawataazimana moto.

Mwaka mmoja Mzee Athumani aliamka akaona masale ya katikati yameshuka kuingia kwenye shamba lake. Ya pembeni yalikuwa palepale, ya katikati yamefanya tumbo. Akasema Baba Ruthi ameyang'oa na kuyapanda chini ili apate tuta moja zaidi la kabichi. Baba Ruthi akasema yeye hajagusa sale tangu azaliwe, ila amekuta mtaro umechimbwa juu kwenye majani yake ya ng'ombe, mrefu, mwembamba, na anajua nani aliyeuchimba ili ng'ombe wake avunjike mguu.

Mwenyekiti wa kitongoji akaitwa. Watu wakapanda na kamba, ikavutwa kutoka sale la mwisho huku hadi sale la mwisho kule, na kweli ya katikati yalikuwa yameshuka hatua nzima ya mtu. Wakayang'oa wakayapanda upya kwenye kamba. Baba Ruthi alitazama kazi hiyo amekunja mikono. Mtaro wake aliujaza majani na samadi, akaukanyaga kwa miguu. Masika yaliyofuata, masale yakafanya tumbo tena.

Sasa ikawa uadui kamili. Mzee Athumani akatangaza yuko tayari kuapa msikitini. Baba Ruthi akajibu kwamba yeye kanisani hahitaji kuapa, anajulikana. Kila mmoja alikesha akimlinda mwenzake asije na jembe. Kijiji kizima kiligawanyika: hawa wanasema mwizi ni wa juu, hawa wanasema mchokozi ni wa chini. Masale yenyewe hakuna aliyeyaangalia, maana kila mtu alishajua jibu.

Mimi niliyaangalia kwa sababu nilipita chini yake karibu kila siku. Niliona kwamba hayakuwa yamepandwa upya. Udongo kwenye mashina ulikuwa mgumu, una ukoka. Yalikuwa yameinama yote, vichwa vikielekea bondeni, kama watu waliolala kwenye basi linaloshuka Mombo. Siku moja nikapanda hadi kwenye ule mtaro wa Baba Ruthi. Mtaro uliochimbwa una udongo uliotupwa pembeni. Huu haukuwa na udongo pembeni hata konzi moja. Niliingiza fimbo kati ya samadi na majani, ikaenda, ikaenda, mkono ukafika kwenye nyasi na fimbo haijagusa kitu. Niliiachia. Sikuisikia ikifika.

Nilishuka pale nikitambaa, kama mtoto, maana sikuthubutu kusimama wima.

Nilimweleza mwenyekiti. Akasema nisimwongezee kesi. Nilimweleza Mzee Athumani, akaniuliza nimehongwa nini na Baba Ruthi. Baba Ruthi nilimwamkia shikamoo, nikaanza kusema, haya zikanishika, nikasema vibaya. Akaelewa kwamba namtetea Athumani kuhusu mtaro. Akaniambia nibebe kabichi, mashamba ya watu niyaache. Basi nikafanya nilichoweza: mstari wetu ukahama kwenda njia ya juu kila ilipofika masika. Njia ya juu inazunguka msituni, inapita kichwani mwa mteremko, ni ndefu mno na ina baridi. Wenzangu walinipa jina la Mama Subiri, nami nikalipokea.

Ruthi alikuwa binti pekee wa Baba Ruthi. Alikuwa ameolewa Lushoto mjini, akarudi kwa mama yake kungojea mtoto wa kwanza. Mvua za mwaka ule hazikupumua. Barabara ya kutoka Mlola ikawa tope, gari likaweza kufika kwenye daraja tu, ng'ambo ya bonde letu. Asubuhi moja uchungu ulimshika Ruthi kabla ya wakati, na damu ikaanza kutoka, nyingi, isiyokuwa ya kawaida. Simu zikapigwa, gari likapatikana, likasema litangoja darajani. Ikabaki kumfikisha.

Mnajua desturi. Machela ikipita, mwanamume yeyote anayeiona anatia bega chini ya mti wake, hata kama ni mgonjwa wa adui yake. Hakuna anayeitwa, na hakuna anayekataa. Mablanketi yalifungwa kwenye miti miwili ya mkaratusi, Ruthi akalazwa, tukamfunika nailoni kwa ajili ya mvua. Baba Ruthi alishika mbele. Tulipokuwa tunatoka uani, Mzee Athumani alitokea anapanda, amelowa, kanzu ameikunja kiunoni. Hakusalimia. Aliingia nyuma upande wa kushoto, akamtoa kijana aliyekuwa amechoka, akabeba. Kibwana alikuwa upande wa pili. Mama Ruthi alitembea pembeni ameshika mkono wa mwanawe. Mimi nilitangulia.

Tulifika kwenye njia panda. Njia ya chini inashuka kushoto, ya juu inapanda kulia. Nikasimama, na machela yote ikasimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi za watu. Nilimsikia Ruthi, ambaye alikuwa halii tena, anaguna tu kila baada ya muda.

"Shuka," akasema Baba Ruthi.

Nikasema, "Mzee wangu, tupite juu."

"Juu ni kuzunguka mlima. Unaiona damu hii?"

Niliiona. Ilikuwa imeshapita blanketi, inadondoka kwenye majani. Nikamwambia ule mteremko si wa kupita leo.

"Mteremko ni wangu. Nimeulima tangu nikiwa mtoto, haujawahi kuniangusha. Shuka, au toka njiani nitangulie mimi."

Hapo nikiri jambo ambalo wengi hawasemi: mtu anayeogopa hajui kama ni kweli au ni woga tu. Ruthi alikuwa anakufa mbele ya macho yetu, hilo lilionekana. Udongo ulikuwa kule nyuma ya ukungu, hauonekani. Yeyote angechagua njia fupi. Nami mguu wangu wa kushoto ulikuwa umeshaanza kuelekea chini.

Kibwana akasema taratibu, bila mzaha wowote, "Mwacheni asikilize kwanza."

Nikawaomba wanyamaze. Mvua ilikuwa inapiga nailoni, nikamwomba Mama Ruthi aizuie kwa mikono. Tukasikiliza wote. Pale njia panda, hata kiangazi, tulikuwa tunasikia kijito. Siku ile, baada ya mvua ya wiki nzima, tulisikia majani yakidondosha maji, tulimsikia Ruthi, na chini kule hakukuwa na sauti yoyote.

Nikaona Kibwana anafumba macho.

Ndipo Mzee Athumani akakohoa. Alizungumza akiangalia chini, kama mtu anayemweleza mtu mwingine. "Milango ya nyumba yangu imegoma kufungwa tangu jana. Wa mbele na wa nyuma. Nimesema mbao zimevimba."

Baba Ruthi akageuka, mti ukiwa begani. "Unaleta kesi yako hapa, Athumani? Juu ya mwanangu?"

"Sileti kesi. Nasema milango."

"Na ukuta?" nikamuuliza.

"Una mstari. Nilidhani ni chokaa."

Hakuna aliyesogea. Sijui tungesimama pale mpaka lini. Aliyeamua ni Mama Ruthi. Alikuwa mama mpole, sijawahi kumsikia akipaza sauti, na hata siku ile hakuipaza. Alimwambia mumewe kwa Kishambaa kwamba anataka kumfikisha mwanawe, hataki kumfikisha haraka halafu asimwone. Kisha akatugeukia sisi.

"Nyanyueni. Juu."

Tukapanda. Sitaki kuwaeleza sana njia ile. Tulipokezana bila kusimama, utelezi, mizizi, ukungu umeshika miti hata aliye mbele humwoni. Mama Ruthi alikuwa anamsemesha binti yake bila kuacha, anamwuliza majina ya watu wa ukoo mmoja mmoja, na Ruthi alipochelewa kujibu sote tulipunguza pumzi mpaka ajibu. Nilijua kila hatua ni damu. Nilijua pia kwamba akifa humu msituni, nitakuwa mimi niliyemuua, na mteremko utakuwa umesimama pale kila siku kunishuhudia. Niliomba ushuke. Ndiyo, niliomba hivyo, nikisikie tu kishindo chake nyuma yetu, nijue sikukosea. Haukushuka. Palikuwa kimya.

Njia ikatutoa kichwani mwa shamba la Baba Ruthi, ukingoni mwa majani yake ya ng'ombe. Ukungu ulikuwa umefunguka pale kidogo. Ule mtaro haukuwa mtaro tena. Upande wa bondeni ulikuwa umekaa chini kama ngazi, urefu wa mtu aliyeketi, na ufa wenyewe ng'ombe angeweza kusimama ndani. Samadi yote aliyojaza ilikuwa imemezwa. Mbele yake masale yalikuwa yamefanya upinde mkubwa, mengine yamelala kabisa, na kutoka kwenye ufa ilikuwa inapanda ile harufu.

Baba Ruthi aliona. Alikuwa na mti begani, hakuweza hata kunyoosha mkono. Mzee Athumani naye aliona, nyuma yake. Walitazama mahali walipotukaniana miaka yote hiyo. Baba Ruthi akasema, "Msisimame," na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

Tulifika darajani Ruthi angali anajibu. Tukamwingiza garini, amekuwa mweupe midomo. Mama yake akapanda. Dereva akasema kuna nafasi ya mmoja tu zaidi. Baba Ruthi aliweka mguu ndani, halafu akautoa. Akamgeukia Mzee Athumani, na hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza la heri kati yao tangu kesi ianze.

"Athumani. Watoe watoto pale chini."

"Nakwenda," akasema Athumani. "Wewe nenda na mwanao."

Ruthi alipona. Mtoto alitolewa kwa upasuaji, wa kike, mdogo kama kiganja, naye akapona. Daktari aliwaambia kwamba muda kidogo zaidi na lingekuwa jambo lingine, na maneno hayo nimeyasikia kichwani usiku mwingi, maana ule muda nilikuwa nimeuchezea mimi.

Kijito kilikuwa kimezibwa na ukingo mdogo tu ulioporomoka, kikajifungulia baadaye; mteremko wenyewe ulikaa mpaka mvua zikaisha. Watu walianza kupita njia ya chini, wakaanza na kunicheka. Ulishuka asubuhi moja ya jua kali, mbuzi wakiwa wamefungwa nje na nguo zimeanikwa kila ua. Ulichukua nyumba ya Mzee Athumani, ambayo haikuwa na mtu, na njia, na kijito kikahama. Ila haukushuka wote, vijana wangu. Nusu yake, upande wa machweo, bado uko pale. Njia yenu mpya ya pikipiki mmeichonga chini ya nusu hiyo. Masale yaliyobaki juu yake yamesimama, ila mwaka huu nimeyaona yanaanza kuinama.

Siwezi kuwaambia lini. Siku ile pale darajani sikujua, hata leo sijui. Gari lilipoondoka na Ruthi, tulibaki sisi wabebaji, na miti miwili mitupu, na mvua. Ruthi hakuwa tena mabegani mwetu wa kumharakishia. Mzee Athumani alikuwa na watoto wa kutoa chini ya mteremko, na kutoka pale hadi kwake njia ya chini ni karibu sana, unaweza kuiona. Kibwana alitazama kushoto, akatazama kulia, akatema mate. Mzee Athumani alikunja kanzu yake upya, akaanza kupanda mbio njia ya juu, auzunguke mteremko, ashukie nyumba yake kutoka upande wa mwamba ulio salama, nasi tukamfuata, mikono mitupu, na hakuna hata mmoja aliyesema ni mbali.